Kilo Mia na Sita

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mizani: 106.4.

Daftari jipya, jalada gumu, nimelichukua kwa jirani Mtaa wa Uhuru. Napima Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, kabla ya chai, nimevaa msuli tu. Kila siku sipimi. Mwili hucheza na maji na chumvi, na anayepanda mizani kila kukicha huishia kugombana na vitu ambavyo wala si mafuta. Lakini kuacha kupima kabisa ni hatari zaidi. Kati yetu tuliolazwa wodi moja kule Chennai, India, wa kwanza kupotea ni yule aliyesema mizani yake imeharibika na hajapata nafasi ya kununua nyingine.

Mwaka huu upasuaji wangu wa kupunguza uzito unatimiza miaka kumi. Niliingia na kilo 146. Chini kabisa nilifika 94, mwaka wa pili. Leo 106. Mke wangu akisikia hesabu hiyo husema nimepungua arobaini. Mimi nikiisikia nasema nimeongezeka kumi na mbili. Tunamzungumzia mtu mmoja.

Jumapili, 19 Januari

Walima, Magomeni. Pilau la ng'ombe, kachumbari, ndizi mbivu, soda. Wanaume watano sinia moja.

Madaktari hushauri mtu wa aina yangu apakuliwe kwenye sahani ndogo. Ni ushauri mzuri kwa anayekula peke yake. Huku kwetu anayeomba sahani yake ndogo kwenye shughuli ya watu ametangaza jambo: anaringa, anaogopa kulishwa kitu, au anaumwa. Sinia lina hatari yake, maana hakuna ajuaye kala kiasi gani, hata mwenyewe. Lakini ndilo sitara yangu pia. Naanza na nyama, naitafuna mpaka iishe ladha. Mkono unakwenda kwenye kachumbari, unapita kwenye wali na kurudi na punje chache, na katikati naongea sana. Wenzangu wanamaliza wakiwa na hakika tumekula sawasawa. Soda nimeishika mkononi mpaka tulipoaga, haijafunguliwa. Maji nimekunywa nusu saa baadaye, nje, kwenye gari.

Kumbe shangazi wa Bagamoyo alikuwepo. Hatujaonana tangu kabla ya upasuaji. Kanishika mkono, kaniangalia shingo. "Mwanangu, una nini? Mbona umekwisha hivi?"

Kilo mia na sita, na nimekwisha. Nikamwambia sina kitu, shangazi, ni mazoezi. Hakusadiki. Ameahidi kunisomea dua.

Mwaka 2016 maneno hayo yalikuwa ya kila siku. Kariakoo, ninakouza vitenge, kitambi ni dhamana. Waliokuwa wakinipa mzigo wa vitenge kwa mali kauli walianza kutaka nusu taslimu. Nusu ya mtaa ilisema nina ngoma, nusu ikasema nimefilisika. Hakuna aliyewaza kwamba nimelipa fedha nyingi kusudi niwe vile. Kwa hiyo shinikizo la kunenepa tena, kwangu, lilikuwa la kibiashara kabisa: nikiongeza kilo tano, imani ya watu inarudi. Sijaona karatasi ya daktari yeyote inayotaja jambo hilo, na nina mashaka kama wapo wanaolijua.

Jumanne, 11 Februari

Majibu ya damu. Binti yangu mfamasia kayasoma kwa simu kabla sijafika kwa daktari. Wingi wa damu 11.8, mwanamume hutakiwa walau 13. Akiba ya chuma chini. Vitamini D chini, mimi mkazi wa Dar es Salaam na jua lote hili. B12 iko ukingoni. Sukari ya miezi mitatu asilimia 6.3, kwa kidonge cha metformini. Kwenye insulini sijarudi. Daktari wa kisukari alishanieleza asinisikie nasema nimepona. Ugonjwa umelala, basi.

Kijiweni bado wanaamini nilikatwa mafuta. Nimechoka kueleza. Nilitengewa kimfuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mwembamba sehemu ya chini zaidi. Tumbo la zamani limo humohumo, ila chakula hakilipitii. Njia yenyewe, baipasi, ina umri: Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliianza 1966 baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo huwa hawanenepi. Pale chakula kisipopita tena, duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, ndipo mwili ulipokuwa unachukua chuma chake kwa wingi. Ndiyo maana naweza kula maini kila wiki na damu bado ikapungua.

Binti yangu kanipangia upya. Kalsiamu asubuhi na mchana. Chuma usiku, na chungwa, mbali na kalsiamu kwa saa mbili au zaidi, na mbali na chai ya rangi, ambayo huzuia chuma kufyonzwa. Sindano ya B12 kila miezi mitatu. Nikamwuliza nitamaliza lini. "Baba, hizi huzimalizi."

Yule wakala aliyetupeleka India alitutajia bei ya ndege, ya hoteli, ya upasuaji, hata ya teksi. Bei ya vidonge vya miaka yote iliyobaki hakuitaja.

Jumapili, 9 Machi

Ramadhani. Watu hunihurumia kwa kufunga, na huruma yao inakosea saa. Njaa ya mchana si tatizo langu. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji daktari alinizuia, na hata sasa sifungi kabla ya kupima damu na figo. Lakini nikishafunga, mchana unapita. Kazi iko baada ya adhana ya magharibi.

Si kwa sababu ya wingi wa chakula, ni kwa sababu ya ulaini wake. Kimfuko nilichoachiwa hakiwezani na nyama ngumu wala ugali mkavu. Nikimeza bila kutafuna vizuri kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, naondoka mezani nikitafuta pa kusimama. Ila uji wa mchele, tambi za sukari, magimbi ya nazi, viazi vitamu vya nazi, kaimati, hivyo vinateleza. Havibani na havishibishi. Mtu anaweza kukaa sebuleni tangu magharibi mpaka tarawehe akivila kidogokidogo, na asisikie popote mwilini neno la kumwambia basi. Nikifikiri naona mambo yamepinduka: chakula kilicho bora kwangu huniuma, na kinachoninenepesha hunibembeleza. Kila mwaka mkono unazidi kuijua njia isiyouma. Hakuna siku unayoamua kuacha samaki ukahamia kwenye tambi. Unahama tu.

Jirani zangu wa wodini waliorudi kwenye uzito wa zamani, niliowahi kuzungumza nao, hakuna hata mmoja aliyerudi kwa kula biriani. Wamerudi kwa uji, juisi, biskuti za kuchovya kwenye chai.

Nafungua kwa tende moja. Moja nayo ni witri, si lazima tatu. Tende tatu kwa mkupuo zilishanitoa jasho miaka iliyopita. Kisha mafunda mawili ya maji, swala, na ndipo chakula.

Hapa ni lazima niandike habari ya mke wangu, kwa sababu watu humsifia daktari wa Chennai na yeye hawamjui. Miaka ya mwanzo alinipikia chakula changu peke yake: kuku wa kuchemsha, mboga bila nazi. Watoto walikiita chakula cha hospitali. Mimi nikawa nakula pembeni, nimeinama, na wageni wakipita wananipa pole. Haikudumu, na isingedumu kwa yeyote. Kisha akabadili mpango bila kumwambia mtu. Hakupunguza kitu mezani, alibadili zamu. Siku hizi samaki wa kupaka anatangulia, na mayai, na saladi ya dengu, vinakaa mezani peke yake kama robo saa huku yeye akisema magimbi bado kidogo yaive. Nyumba nzima inakula samaki kwanza. Magimbi yanapofika mimi nimeshajaa, wageni wameshapoa, na sufuria ya nazi inarudi jikoni na nusu yake. Shemeji yangu ana kisukari na hajui kwamba anatibiwa.

Daku: mtindi usio na sukari, maharage, yai. Kati ya magharibi na alfajiri natakiwa lita mbili za maji, kwa mafunda, bila kuyachanganya na chakula. Hesabu hiyo ndiyo funga yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Mizani niliyopanda nje ya utaratibu: 107.8.

Siku ya Idi nilikula kipande cha halwa kwa watu. Mwaka wa kwanza kipande kama kile kilinilaza: robo saa tu, moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linanguruma, na baada ya saa moja au mbili sukari inashuka mpaka mikono inatetemeka. Sukari nyingi ikiporomoka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, mwili unapagawa. Mwaka huu nilitokwa na jasho kidogo juu ya mdomo, nikaendelea na mazungumzo. Mwenyeji wangu alifurahi kuona nimepona. Mimi sikufurahi. Nilikuwa na mlinzi, na miaka imemzeesha.

Jumamosi, 26 Aprili

106.9. Masika. Mgongo unauma kwa siku kadhaa sasa, nadhani ni majora niliyoyainua mwenyewe.

Duka la dawa. Kijana kabla sijamaliza kueleza ameshashika diklofenaki. Nikamwambia hiyo hapana, wala ibuprofeni, wala aspirini ya maumivu. Kwa mtu wa baipasi dawa za jamii hiyo huleta kidonda pale kimfuko kilipounganishwa na utumbo, na kidonda cha pale kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Nipe parasetamoli.

"Mzee, hiyo ni ya watoto."

Kwenye pochi nina kikaratasi chenye jina la upasuaji na dawa nisizostahili kupewa, binti yangu kakitia plastiki. Nikamwonyesha. Kakisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa adabu kama upasuaji huo unapunguza kweli. Nikainua shati kidogo, akaona makovu. Wateja wawili nyuma yangu nao wakaona.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imeachia. Nimerudi Daraja la Tanzanite alfajiri. Lina kilomita moja na kidogo juu ya maji. Kwenda na kurudi mara mbili, kwa mwendo wa haraka, inanitosha. Watu ni wengi kuliko miaka iliyopita, wengine vijana wanaokimbia kama wamekosewa.

Kutembea hakukunipunguza, nisijidanganye. Aliyepungua kwa kutembea peke yake namtafuta bado. Nimeona tu katika madaftari yangu kwamba miezi ambayo sikutembea, masika hasa, ndiyo miezi ambayo mizani ilipanda na haikushuka yote. Siku hizi na vitu vizito nainua kidogo, mifuko ya mchanga ya kilo tano niliyoshona kwa mabaki ya turubai, kwa sababu tulipopungua kwa kasi mafuta hayakuondoka peke yake, misuli nayo iliondoka, na misuli huchoma chakula hata ukiwa umelala.

Jumatano, 18 Juni

Kijana wa duka la mabegi amekuja wakati tunafunga. Shikamoo, marahaba, kisha akakaa kimya akichezea funguo. Ana miaka thelathini na kitu, pumzi inakata akipanda ngazi tano, na mke wake amemwambia usiku huwa anaacha kupumua. Nikamwambia habari hiyo naijua. Wangu alikuwa akinipiga kiwiko.

Anataka kujua achague nini: puto la tumboni pale Hospitali ya Mloganzila, sindano, au aende kukatwa. Nikamwambia mimi ni muuza vitenge. Lakini nikamwambia ninachokijua. Puto linawekwa kwa miezi kadhaa kisha linatolewa, na likitoka mtu anabaki na alichojifunza, kama alijifunza. Sindano za semaglutaidi, hizo za Ozempic, zinafanya kazi kweli. Ila katika utafiti uliowafuatilia walioziacha, theluthi mbili ya uzito walioupoteza ilirudi ndani ya mwaka. Daktari wangu mwenyewe amenishauri nizitumie kwa hizi kilo kumi na mbili, na huko nje waliokatwa zamani wengi wanazitumia. Aibu yake siioni. Bei yake ndiyo ninayoiona. Sijakataa, nimesema tuangalie mwisho wa mwaka.

"Na kukatwa, Mzee? Si ukishakatwa imekwisha?"

Nikamweleza kwamba mwaka wa kwanza upasuaji unakubeba. Njaa inapungua, homoni za shibe zinapanda, sahani ya mtoto inakushinda, kila wiki suruali inalegea, na kila unayekutana naye anasema jambo, zuri au baya. Halafu mwaka wa tatu, wa nne, njaa inarudi taratibu, kimfuko kinakuwa kikubwa kidogo, na watu wameshazoea. Hakuna anayekuuliza tena. Daktari yuko ng'ambo, akijibu ujumbe ni kwa heshima tu. Hapo ndipo kazi inapoanza, na unaianza ukiwa peke yako, katika nyumba na mtaa uleule uliokunenepesha.

Akauliza kama ningerudia. Nikamwambia kesho asubuhi.

Jumapili, 13 Julai

Binti yangu ameniletea makaratasi niliyomwomba. Nimeyasoma na kamusi pembeni, kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi.

Kule Utah, Marekani, waliwafuatilia watu wa baipasi kwa miaka kumi na miwili, matokeo yakachapishwa 2017. Miaka miwili baada ya upasuaji walikuwa wamepungua kilo 45 kwa wastani. Miaka sita, kilo 36. Miaka kumi na miwili, 35. Nikachukua kalamu. Mimi mwaka wa pili nilikuwa nimepungua 52. Mwaka wa kumi, 40. Nikaandika namba zao na zangu sambamba, nikaziangalia kwa muda mrefu. Umbo ni lilelile: shimo refu, kisha kupanda kidogo, kisha tambarare. Wale Waswidi walioanza utafiti wao 1987 wameona hivyohivyo. Wa baipasi, baada ya miaka kumi, walikuwa chini ya uzito wao wa kuanzia kwa robo hivi. Mimi niko chini kwa asilimia 27.

Na kisukari pia. Utah, kati ya waliokuwa nacho kabla, robo tatu kilikuwa kimetulia mwaka wa pili. Mwaka wa kumi na mbili ni nusu tu. Kwa hiyo kidonge changu cha metformini nacho kiko ndani ya mstari.

Miaka minane hivi nimekuwa nikizihesabu kilo hizi kumi na mbili kama deni. Kwa mke wangu, kwa fedha ya kaka zangu waliochangia. Kumbe sehemu yake kubwa imeandikwa katika mwili wa karibu kila aliyelala kwenye meza ile. Mwili uliowahi kufika 146 haukubali kirahisi kwamba huko hakukuwa kwao. Utafiti wa New York uliochapishwa 1995 ulionyesha kwamba mtu aliyepunguza sehemu moja ya kumi ya uzito wake anachoma chakula kidogo kuliko unavyotazamia kwa umbo lake jipya. Upasuaji hulainisha jambo hilo, hauliondoi. Mtu wa kilo 106 ambaye hajawahi kuwa mnene zaidi ya hapo anaweza kula chakula ambacho mimi, kwa kilo zilezile, kitaninenepesha. Hakuna haki hapo, na hakuna wa kumshitaki.

Sasa mtu mvivu anaweza kuyasoma makaratasi haya akalala. Binti yangu aliliona hilo usoni mwangu. Akanionyesha kwamba wastani umefichwa ndani yake watu waliobaki chini sana na watu waliorudi karibu pale walipoanzia, na kwamba tambarare ile haikujitengeneza yenyewe. Waliobaki chini waliendelea kufanya jambo fulani, na walioacha wamo ndani ya wastani pia, wanauvuta juu.

Nimekata shauri. Ile 94 niliyokuwa nikiiandika ukurasa wa kwanza wa kila daftari, ikiwa imezungushiwa duara, nimeiondoa. Ilikuwa ya kipindi ambacho mayai mawili yalinishinda na nywele zilikuwa hazijarudi vizuri. Uzito wangu wa kulinda ni 106. Nikifika 109 naenda kwa daktari wiki hiyohiyo, bila kusubiri Ramadhani ipite au harusi ya mtu iishe, na habari ya sindano itazungumzwa siku hiyo.

Mke wangu kaniuliza mbona nimechangamka. Nikamwambia nimepungua arobaini.

Jumatano, 6 Agosti

Dukani. Hesabu ya mwezi, na majora ya vitenge yamepungua tena. Jora la yadi thelathini linauzwa, ukijumlisha risiti unapata ishirini na nane. Hakuna mwizi. Nimekaa nao siku nzima nikaona: mteja mzuri anaongezewa kidole, mama anayeshonea wajukuu anaongezewa robo, mkono wa mwuzaji ukichoka unakata nje ya alama. Ukarimu mtupu.

Nikawa nacheka peke yangu, kwa sababu chakula changu kinapotea hivyohivyo. Milo yangu mitatu ukiipima ni ya mtoto wa shule, haiwezi kumweka mtu kwenye 106. Lakini kati ya milo kuna korosho za yule kijana anayepita na sinia kichwani, kashata mbili za muuza kahawa, karanga mkononi wakati wa kuhesabu, juisi ya miwa mteja akiniletea kwa heshima, nusu chapati aliyoacha mpiga debe. Vyote vinapita kwenye kimfuko bila kuandikishwa. Kimfuko hakina habari navyo, kilitengenezwa kuzuia sahani.

Na chanzo nakijua. Mchana siku za wateja wengi sili. Naruka chakula, najisifu, halafu nadonoa mpaka jioni. Kuanzia leo mama ntilie wa nyuma ataniletea saa saba kamili, wateja wawepo wasiwepo: samaki au maharage, mchicha, ugali tonge mbili. Kiti changu nimekitoa mlangoni, pale wachuuzi wanapopita, nimekiweka ndani kwenye kaunta. Kahawa naendelea nayo, kashata namwachia. Muuza kahawa kaniuliza nimemkosea nini.

Kwenye juisi ya miwa bado sina jibu. Mteja akikuletea kwa mikono miwili utafanyaje? Kwa sasa nampa kijana wangu wa mzigo, nikimwambia mteja naihifadhi.

Jumamosi, 30 Agosti

105.0.

Ngozi ya tumbo. Naiandika kwa sababu hakuna anayeiandika. Inaning'inia, na joto hili ikishika jasho inachubuka na kushika fangasi. Naosha, nakausha kwa kitambaa cha pamba, poda kidogo. Kuikata inawezekana, ni upasuaji mwingine na fedha nyingine, na kwa umri wangu naona bora fedha hiyo iende kwenye vidonge. Kanzu inaficha. Suruali natia mkanda juu yake, siyo chini. Baharini siingii tena, na hilo linaniuma kuliko nilivyotazamia, maana nilidhani nikipungua ndiyo nitaogelea.

Jumanne, 16 Septemba

105.3 Jumamosi iliyopita. Mama ntilie hajakosa hata siku moja. Nikiwa na wateja ananisimamia.

Kijana wa mabegi amerudi, safari hii na mke wake, kama nilivyomwagiza. Amekwenda kupimwa na kuzungumza na daktari wa upasuaji hapahapa mjini, na anaelekea kukubali. Nilimwambia asiamue bila huyu mwanamke kuwepo, kwa sababu baada ya miaka mitatu hakuna mwingine atakayekumbuka kwamba aliwahi kukatwa.

Mwanamke huyo ana akili. Mume aliuliza kuhusu maumivu na siku za kulala hospitali. Yeye aliuliza mama mkwe akija kukaa mwezi mzima wafanye nini, maana mama mkwe akipika hakubali chakula kibaki. Nikampigia mke wangu simu, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, sisi wanaume tukaangalia nje. Nilisikia magimbi yakitajwa, na samaki, na robo saa.

Kisha yule mwanamke akaomba kalamu. Nikamtajia: kalsiamu, chuma, vitamini za kila siku, D, sindano ya B12, vipimo vya damu kila mwaka. Akaandika bei nyuma ya risiti yangu, moja chini ya nyingine, akajumlisha, akazidisha kwa kumi na mbili.

"Kwa miaka mingapi, Mzee?"

Nikamwambia yote atakayoishi.

Hakushtuka. Alikunja risiti akaitia kwenye pochi, akauliza kama binti yangu anaweza kuwauzia kwa bei ya jumla.